Nyasi ndefu za preri zipewe nafasi bustanini, na msiziue kwa mbolea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, na kila nikisoma makala za bustani naona linarukwa. Tunaandikiwa waridi, tunaandikiwa ukoka wa kufyeka kila wiki, tunaandikiwa maua ya kwenye vyungu, lakini nyasi ndefu zile za kumpita mtu kichwa zikitajwa basi ni kwenye habari ya kung'oa magugu. Alafu yule mmoja anayeamua kuzipanda anapewa ushauri wa kuzimaliza kabisa: mwagilia kila siku, weka samadi ya kutosha, zikikauka kata. Yote matatu ni kinyume na jinsi hizi nyasi zinavyoishi kwao, ndo maana nimeshika simu niandike.

Nazungumzia nyasi za preri, yani zile mbuga kubwa za katikati ya Amerika Kaskazini. Preri ya nyasi ndefu peke yake ilikuwa karibu ekari milioni 170, imeanzia Kanada kusini inashuka mpaka Texas, na leo imebaki chini ya asilimia 4. Uzuri wa udongo wake ndo uliiponza. Mwaka 1837 kule Illinois fundi chuma John Deere alitengeneza plau ya chuma cha pua iliyosuguliwa ikateleza, ambayo ule udongo mzito haukuweza kuing'ang'ania, na baada ya hapo ikalimwa, mahindi upande huu ngano upande ule, mpaka ikaisha. Kipande kikubwa kilichosalia kiko kwenye vilima vya Flint Hills, Kansas, nacho kilipona kwa sababu mawe yako juujuu na plau haipiti, na mwaka 1996 serikali ya Marekani ikatenga sehemu yake kuwa hifadhi ya taifa. Kwahiyo mtu anayepanda shina mbili tatu za nyasi hizi nyumbani kwake anaotesha kitu ambacho kwao kwenyewe kimebaki kidogo sana, na mimi naona hilo peke yake linatosha mtu aziheshimu.

Sasa ni zipi. Mkubwa wao ni Andropogon gerardii, anafika mita mbili na akipenda mahali anapita hapo, mabua yake yana rangi ya bluu bluu kwenye vifundo alafu suke linagawanyika vidole vitatu juu, Wamarekani wanaliita mguu wa bata mzinga na ukiliona mara moja husahau tena. Yupo Sorghastrum nutans, suke lake la dhahabu, na siku za kuchanua ukisogeza uso karibu unaona vifuko vidogo vya chavua vya njano vinaning'inia kwenye nyuzi nyembamba, upepo kidogo tu vinacheza vyote. Yupo Panicum virgatum ambaye suke lake ni jepesi kama ukungu, limetawanyika, asubuhi likishika umande linang'aa bustani nzima. Alafu wafupi kidogo, Schizachyrium scoparium wa kufika kiunoni, ambaye majani yake yanaanza na bluu ya kijivu na mwaka unapoelekea mwisho yanageuka rangi ya shaba iliyokolea na kubaki hivyo miezi, na Sporobolus heterolepis, majani membamba kama nywele yamejiinamia pande zote, na akichanua anatoa harufu, wengine wanasema bisi wengine wanasema giligilani, mimi nasema vyote viwili. Ni harufu ambayo mgeni anaisikia kabla hajajua inatoka wapi, kwa sababu nani anategemea nyasi zinukie.

Nimetumia majina ya kisayansi makusudi, nitaeleza sababu huko mbele.

Kitu cha kwanza cha kuelewa, na ukikielewa hicho mengine yote yanajipanga yenyewe, ni kwamba sehemu kubwa ya nyasi hii iko chini ya ardhi. Mtaalamu mmoja wa chuo kikuu cha Nebraska, John Weaver, alitumia miaka mingi ya mwanzo wa karne ya 20 kuchimba mitaro mirefu kwenye preri na kufukua mizizi taratibu ili aichore jinsi ilivyo, na mizizi ya hizi nyasi kubwa aliikuta imeshuka zaidi ya mita mbili. Ya Panicum inaweza kukaribia mita tatu. Linganisha na ukoka wa kawaida ambao mizizi yake mingi iko kwenye sentimita kumi na tano za juu hivi, ndo maana ukoka siku mbili tatu bila maji unaanza kulia na hizi zimesimama tu hazina habari. Nyasi yenye mizizi ya namna hiyo haikuhitaji wewe na mpira wa maji kila jioni! Mwaka wa kwanza sawa, mwagilia, tena mwagilia kwa kushiba alafu acha pakauke kidogo, ili mizizi ifuate maji chini. Ukiwa unanyunyiza kidogo kidogo kila siku mizizi inabaki juu inasubiri, umeifundisha uvivu. Mwaka wa pili punguza, wa tatu achana nazo isipokuwa ukame uwe mkali kweli kweli.

Na mbolea. Hapa ndo watu wanaumia zaidi kwa sababu wanapenda, na mtu akipenda mmea anaulisha. Weka samadi au mbolea ya chumvichumvi kwenye Andropogon uone, itapanda haraka, majani mapana, kijani kizito, utafurahi sana mpaka siku ya mvua ya upepo, asubuhi unakuta yote imelala chini imefunika njia. Mabua yaliyonenepeshwa yanakuwa laini, hayana nguvu ya kubeba suke lenye maji. Kwenye udongo wa kawaida usio na rutuba ya kutisha zinakuwa fupi kidogo, zimekakamaa, zinasimama wima msimu mzima. Na hapa simaanishi Andropogon tu, Panicum na Sorghastrum nao ni hivyo hivyo, na Schizachyrium ndo anaumizwa zaidi na rutuba, yeye anataka udongo mkavu, wa changarawe changarawe au kichanga, maji yakituama kwenye mizizi yake msimu wa baridi anaoza. Kivuli nacho kinafanya kazi ileile ya mbolea, nyasi inarefuka kutafuta jua na kuanguka, kwahiyo jua masaa sita na kuendelea, chini ya hapo tafuta mmea mwingine.

Kuna jambo lingine linalowafanya watu wazing'oe zikiwa hai. Hizi ni nyasi za joto, kwenye ukoo wa nyasi Andropogon na Sorghastrum wako kundi moja na mahindi, mtama na muwa, na kama hao zinatumia ule mfumo wa kujitengenezea chakula unaopenda jua kali. Kwahiyo baridi inapoisha maua mengine yote yameshachipua, ukoka uko kijani, yenyewe bado ni visiki vya kahawia, wiki zinapita. Mtu anasema imekufa, anachukua sululu. Subiri! Udongo lazima upate joto kwanza, zikianza kuamka zinakimbia, katikati ya kiangazi ambapo wengine wamechoka ndo zenyewe zinakolea. Na hata huo mwaka wa kwanza usitegemee makubwa, utaona majani machache tu na utadhani umetapeliwa na mwenye kitalu, kumbe kazi inafanyika chini. Mwaka wa pili zinajaza, wa tatu ndo unaona masuke ya kweli. Kwa waliopanda mbegu ni mtihani zaidi maana mche wa Andropogon ukiwa mdogo haupishani na gugu lolote, ni bora kuatika kwenye vyungu kwanza ujue unachopalilia. Mbegu za Panicum zinaota vizuri zaidi zikikaa kwanza kwenye mchanga wenye unyevu mahali pa baridi wiki kadhaa, la sivyo nyingi zinaendelea kulala.

Nije kwenye kukata, na hapa Mhariri nakuomba kabisa usikubali tena ushauri wa kufyeka zinapokauka. Nyasi ya preri ikikauka ndo inaanza nusu yake ya pili ya uzuri. Rangi ya shaba, dhahabu, zambarau iliyofifia, masuke yenye vimanyoya vyeupe yanayoshika jua la jioni. Na sio macho tu yanayofaidi. Ndege wanakula mbegu na kujificha humo baridi, nyuki bambi hupenda kutengeneza kiota chini ya mashina kwenye vishimo vya panya vilivyoachwa, na kuna vipepeo wadogo wa preri ambao viwavi wao wanategemea nyasi hizi kwa chakula, akiwemo yule anayeitwa Hesperia dacotae ambaye Marekani sasa wanamlinda kisheria kwa sababu amepungua mno. Watu wanasema nyasi hazina faida kwa wadudu kwa sababu hazina maua ya asali, ni kweli zinachavushwa na upepo, lakini nyumba na chakula cha kiwavi navyo ni faida, bila kiwavi hakuna kipepeo.

Kwahiyo ziache zisimame mpaka mwisho wa baridi, na kwenye nchi zisizo na baridi ya kuganda mpaka karibu na mvua za kuoteshea, alafu kata zote ubakize sentimita kumi mpaka kumi na tano kabla machipukizi mapya hayajaanza, maana ukichelewa ukayakata machipukizi utakuwa na ncha butu za kahawia msimu mzima. Namna rahisi ya kukata ni hii: chukua kamba ya katani, zungushia shina zima usawa wa kiuno, kaza mpaka liwe mzigo mmoja, alafu piga msumeno au mkasi mkubwa chini ya kamba. Mzigo unaanguka wote kwa pamoja umefungwa tayari, hamna kuokota bua moja moja bustani nzima. Vaa glovu na mikono mirefu, hasa kama una Spartina pectinata, kingo za majani yake zina meno madogo madogo yanachana ngozi kama wembe.

Na huyo Spartina niseme wazi, hafai kwenye bustani ndogo. Anatembea chini kwa chini na vikonyo vigumu, leo yuko hapa msimu ujao yuko kwa jirani. Mahali pake ni kingo za bwawa na mitaro inayomomonyoka, huko ndo kiboko. Wengine wote niliowataja wanakaa kwa mashina mahali walipopandwa au wanatambaa polepole tu, ila Andropogon na Sorghastrum wanajimwagia mbegu kwa fujo, miche yao ing'oe ikiwa midogo, maana ikishapeleka mizizi chini hutoi kwa mkono. Mwenye eneo dogo achukue Schizachyrium na Sporobolus, na akitaka kitu kirefu kisichojitawanya atafute Panicum 'Northwind', ambayo Roy Diblik, mwenye kitalu kule Wisconsin, aliichagua kwa sababu inasimama wima kabisa, wataalamu wa mimea ya bustani Marekani wakaipa heshima ya mmea wa mwaka 2014. Panicum nyingine, 'Shenandoah', ni fupi zaidi na majani yake yanageuka mekundu. Baada ya miaka kadhaa ukiona katikati ya shina pamekufa pamebaki duara, fukua wakati wa kuchipua, pasua kwa koleo kali au shoka kabisa maana mizizi haitaki mchezo, panda vipande vya pembeni, cha katikati tupa kwenye mboji.

Ukinunua angalia pia asili yake ni ya wapi. Panicum inapanga kuchanua kwa kufuata urefu wa mchana. Aina ya kaskazini ukiipeleka mbali kusini inachanua mapema inabaki fupi, na ya kusini ukiipeleka kaskazini inaendelea kurefuka na kuchelewa kuchanua mpaka baridi inaikuta. Watu wawili wanaweza kununua Panicum virgatum, mmoja akapata ya kiunoni na mwingine akapata ya kupita mlango, na wote wameuziwa kitu halali.

Kuhusu majirani sasa, maana najua hili linawakwamisha wengi. Miji mingi ya Marekani ina kanuni za urefu wa nyasi kwenye viwanja na watu wamepigwa faini kwa ajili ya preri zao. Jimbo la Maryland mwaka 2021 walipitisha sheria kwamba jumuiya za wenye nyumba zisimlazimishe mtu kuwa na ukoka. Ni hatua nzuri, ila mimi naamini kinachotuliza jirani kabla ya sheria ni ukingo. Fyeka ukanda wa nusu mita kuzunguka, weka njia pana iliyonyooka katikati, panda kwa makundi yanayoeleweka badala ya kutawanya, weka nyasi ndefu nyuma na fupi mbele, mtu akipita aone kwamba kuna mkono wa binadamu pale. Njia pana inasaidia pia na kupe, hawapendi sehemu kavu iliyokatwa. Na tafadhali msizipande kwenye ukuta wa nyumba au chini ya dirisha, zikikauka zinawaka upesi sana, ni nyasi zilizozoea moto maelfu ya miaka, kwao moto ni dawa, ila kwenye makazi kazi ya moto ifanywe na msumeno.

Anayedhani nyasi hizi ni za mashamba ya mbali tu aangalie Lurie Garden katikati ya jiji la Chicago. Ilifunguliwa 2004, mpangaji wa mimea yake ni Mholanzi Piet Oudolf, na chini yake ni gereji ya kuegesha magari, yani preri iko juu ya paa! Bustani ya High Line ya New York, iliyofunguliwa 2009 juu ya reli iliyoachwa, nayo mimea kaipanga yeye yule, nyasi kila mahali. Na kwa upande wa kazi ngumu, kule Iowa watafiti wa chuo kikuu cha jimbo walianza 2007 kupima mashamba ya mahindi na soya, wakakuta ukigeuza asilimia 10 tu ya shamba kuwa mikanda ya preri, udongo unaochukuliwa na maji unapungua kwa asilimia 95 hivi. Asilimia kumi! Mwenye kiwanja cha mteremko ambacho kila mvua kinahamia barabarani aitafakari hiyo namba kabla hajaagiza zege.

Nimalizie na majina kama nilivyoahidi. Vitaluni utauziwa "nyasi ndefu za mapambo" bila maelezo mengine, na ndani ya hilo jina moja wamo wasafiri wabaya. Cortaderia selloana wa Amerika Kusini, yule wa mashungi makubwa meupe, amevamia California na New Zealand. Miscanthus sinensis wa Asia ametoroka bustanini maeneo mengi ya mashariki mwa Marekani. Pennisetum setaceum aliyetoka Afrika amejaa miteremko ya Hawaii na kila akiungua anarudi na nguvu kuliko mimea ya pale. Na hizi za preri nazo zisipewe cheti cha utakatifu nje ya kwao, maana ndugu yao Andropogon virginicus ni kero Hawaii na Australia. Kwahiyo aliye mbali na Amerika Kaskazini aulize kwanza maafisa wa kilimo, aanze na mashina machache, akate masuke kabla mbegu hazijapukutika mpaka ajue tabia yake pale alipo, na aangalie pia nyasi ndefu za asili ya kwake, kwa mfano Themeda triandra ambayo iko Afrika, Asia na Australia na rangi zake za kutu hazina deni kwa yoyote wa preri. Matunzo ni yaleyale, jua la kutosha, udongo usionona, uvumilivu wa miaka mitatu.

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Ukurasa wa bustani ukiandika tena kuhusu nyasi, andikeni jina kamili la kisayansi, andikeni inafika urefu gani, na kama inakaa kwa shina au inatembea. Hayo matatu yakiwepo msomaji ana uwezo wa kwenda kitaluni na kukataa asichokitaka.

Wako,
Msomaji wa ukurasa wa bustani